Uliketishwa barazani, ukaambiwa ni uani

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nasoma Kunming, China, mwaka wa tatu. Likizo iliyopita nilipanda treni na wenzangu wawili hadi mji wa Shangri-La tukaone Watibeti. Jioni ya kwanza kampuni ya utalii ilitupeleka kwenye 'nyumba ya familia ya Kitibeti'. Tulivishwa skafu nyeupe mlangoni, tukanywa chai ya siagi ya yak (ng'ombe wa manyoya wa milimani), tukala nyama, vijana wakaimba na kucheza wamevaa manyoya. Ilinigusa sana. Kesho yake nikaona watu wanazunguka kwenye uwanja wa mji mkongwe: muziki wa spika, akina bibi wamevaa jaketi na raba, watalii wamejichanganya humo humo. Nikasema huu sasa ni usanii mtupu. Halafu rafiki yangu Mchina akaniambia mji wenyewe uliungua ukajengwa upya, na hata jina limetoka kwenye riwaya. Je, kuna chochote cha kweli nilichokiona, au ni kama zile boma za utamaduni za njia ya Ngorongoro? Na thangka, ile picha ya kidini ya Kitibeti, niliyonunua kwa yuan 480, nikaambiwa imechorwa kwa mkono na kubarikiwa na lama (mwalimu wa dini), ni ya kweli?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona uliyoyaona umeyapanga kinyume. Kilichokugusa ndicho kilichoandaliwa kwa ajili yako, kuanzia skafu ya mlangoni hadi kikombe cha mwisho. Ulichokipita kwa dharau pale uwanjani ndicho ambacho wenyeji wangekuwa wanakifanya jioni ile hata kama treni yenu ingekwama Lijiang.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za pwani tunajua tofauti ya barazani na uani. Mgeni hukaribishwa barazani, akapewa kahawa, akaulizwa habari za safari. Uani ndiko kuna jiko, nguo zimeanikwa, ugomvi unasuluhishwa, na huko mtu haingii mpaka awe wa nyumbani. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Dean MacCannell, aliandika jambo linalokaribiana sana na hilo: mtalii wa zama hizi hatosheki na mbele ya nyumba, anataka kuona nyuma. Sasa hakuna familia inayoweza kupokea wageni mia uani kwake kila usiku. Kwa hiyo biashara humjengea mtalii uani wa kuuza, yaani baraza la pili lililopangwa lifanane na jiko. Huko ndiko ulikopelekwa. Kumbuka ukumbi wenyewe ulivyokuwa: meza ndefu, jukwaa, maikrofoni, nafasi ya kuegesha mabasi. Hakuna mtoto anayelala pale.

Niliwahi kukaa kwenye ukumbi wa namna hiyo, meza ya nyuma kabisa, jirani na mlango wa jikoni. Msichana aliyekuwa akiongoza nyimbo alipomaliza zamu yake aliingia jikoni, akavua lile koti zito lenye ukingo wa manyoya, akalitundika msumarini. Ndani alikuwa na sweta ya kawaida. Akajimiminia chai ileile ya siagi na chumvi tuliyopewa sisi, kisha akatoa mfuko wa plastiki aliokuja nao kutoka kwao. Ulikuwa na tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa. Akautia kikombeni, akaanza kuukanda kwa kidole kimoja huku akikizungusha kikombe kwa vidole vya mkono wa pili, simu ameibana begani anaongea na mama yake kwa lahaja ya kwao. Ukawa donge, akalila. Chakula hicho hakikuwemo kwenye orodha yetu.

(Kwa kuwa umetaja siagi ya yak: ukimwambia hivyo Mtibeti atakutazama vibaya kidogo. Kwa lugha yao yak ni dume. Jike, anayekamuliwa, anaitwa dri.)

Msichana yule ni Mtibeti, wimbo aliouimba alifundishwa na bibi yake, na mshahara anaoupata unalipa ada ya mdogo wake. Hapo sioni bandia. Kilichokuwa cha uongo usiku ule ni neno moja tu, "nyumbani". Na hilo ndilo jibu langu pia kwa zile boma unazozitaja. Kijana wa Kimaasai anayeruka mbele ya gari la watalii ni Mmaasai aliye kazini. Shida huanza pale mgeni anapoondoka akiamini ameona maisha yake yote, na pale fedha ya kiingilio inapoishia kwa mtu mwingine.

Sasa tuje uwanjani. Dansi ile Wachina huiita guozhuang, na Watibeti wana neno gorshey, yaani dansi ya duara. Zamani hakukuwa na spika. Wanaume walishika nusu ya duara, wanawake nusu nyingine, wakajibizana mashairi, upande mmoja ukitupa beti na mwingine ukirudisha. Kujibizana huko kumepungua sana uwanjani, na mimi jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu ndiko akili ya mchezo ilikokuwa. Lakini angalia nani anacheza. Mwenye duka amefunga, mwuguzi ametoka zamu, bibi amekuja na mjukuu. Hakuna anayelipwa, hakuna aliyevalishwa, na mtalii anayejiingiza anakanyaga miguu ya watu wala hafukuzwi. Raba na jaketi zimekukwaza, lakini mji uko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari na jioni kuna baridi kali. Ulitaka bibi avae nini?

Rafiki yako hajakudanganya kuhusu jina. Wenyeji wanaiita nchi yao Gyalthang, na kwenye ramani za China wilaya iliitwa Zhongdian. "Shangri-La" ni bonde la kubuni kwenye riwaya ya mwaka 1933 ya Mwingereza James Hilton, ambaye hakuwahi kukanyaga Tibet. Mwaka 2001 serikali ya China iliidhinisha Zhongdian ichukue jina hilo. Lakini uliza kwa nini wakati ule. Eneo lile lilikuwa likiishi kwa magogo. Mwaka 1998, baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze, serikali ilipiga marufuku ukataji wa misitu ya sehemu za juu za mto, na sehemu kubwa ya mapato ya wilaya ikakatika. Wakubwa wakatafuta cha kuuza badala ya mbao, wakaiuza ndoto ya Wazungu kuhusu Tibet, na sasa wanunuzi wengi ni Wachina wa mijini. Ni jambo la ajabu kulitafakari: Mtibeti wa Gyalthang anapokea mgeni aliyekuja kutafuta mahali ambapo hapakuwahi kuwepo, na anapaswa kufanana napo.

Hata hivyo wapo Watibeti wengi pale walioiona nafasi hiyo, wakaitumia kwa faida yao. Jambo la Kitibeti, ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma, ghafla lilipata thamani mbele ya maofisa. Kwa mtu aliyeishi miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, wakati monasteri zilibomolewa na sala zikafichwa, hilo si dogo.

Na moto ni kweli. Usiku wa Januari 11, 2014, mji mkongwe wa Dukezong uliungua. Nyumba zaidi ya 200, za mbao, zimebanana kwenye vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti, na mabomba hayakutoa maji ya kutosha katika baridi ile. Ulichotembea ndani yake kwa sehemu kubwa ni mji uliojengwa baada ya hapo. Lakini usiishie kwenye moto. Monasteri ya Songzanlin, ile kubwa iliyo kando ya mji, ilianzishwa mwaka 1679, ikabomolewa katika karne ya 20, na kuanzia miaka ya 1980 ikainuliwa tena kwa michango na mikono ya waumini. Ukuta ni mpya. Mzee anayeuzunguka alfajiri kwa miguu, tasbihi mkononi, kwa mwelekeo wa mshale wa saa, anafanya alichofanya baba yake, mahali palepale. Dukezong nayo ni mpya, ila ndani ya nyumba zake nyingi sasa mna mabaa na maduka ya wapangaji kutoka mikoa mingine. Umri wa kuta hautakusaidia kutofautisha viwili hivyo. Kinachovitofautisha ni nani anavitumia, na kwa kazi gani.

Kuna mfano mmoja ambao huwa siuachi kila ninapoulizwa swali kama lako. Uko Nepal, kwenye mji wenye ukuta wa Lo Manthang, Mustang ya juu. Waloba wanaoishi huko wana lugha na dini ya Kitibeti, na kwa kuwa wako upande wa pili wa mpaka, Mapinduzi ya Utamaduni hayakuwafikia. Wageni walianza kuruhusiwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi kibali kiliuzwa dola 500 kwa siku kumi. Mjini mna mahekalu ya karne ya 15, Thubchen na Jampa, yenye michoro ya ukutani ya kiwango cha juu sana. Mvua, moshi wa taa za siagi na uzee viliila michoro hiyo, sehemu nyingine plasta ikaanguka kabisa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, taasisi ya American Himalayan Foundation ilifadhili ukarabati, na Mwitaliano Luigi Fieni akaja kuwafundisha wakulima wa Lo kazi ya kusafisha na kuhifadhi michoro.

Walipofika penye mapengo ndipo ubishi ulipoanza. Sheria ya wakarabati wa Ulaya ni kwamba usichore kilichopotea. Safisha, imarisha, pengo liache pengo, au litie rangi tulivu isiyodanganya jicho. Watu wa Lo wakasema hapana. Buddha asiye na uso, asiye na mkono, unamsujudiaje? Sanamu iliyovunjika haifai ibada. Basi ikaamuliwa mapengo yajazwe, na waliojaza ni wale wakulima waliofundishwa. Wataalamu wa sanaa wa nje walilalamika kwa maandishi na kwa mikutano kwamba uhalisi wa karne ya 15 umeharibiwa.

Mimi nasimama na watu wa Lo, na nasema hivyo nikijua kilichopotea. Mtafiti wa rangi za zamani amepoteza kitu kweli. Lakini hekalu lile halikujengwa liwe kumbukumbu ya mchoraji. Lilijengwa watu wasali, na bado wanasali. Mwaka 1994 wataalamu wa urithi waliokutana Nara, Japani, walikubaliana kwamba uhalisi haupimwi kwa kipimo kimoja cha dunia nzima, kila urithi uhukumiwe ndani ya utamaduni wake. Lo Manthang ndipo maneno yale yalipodaiwa kwa vitendo, na wenyewe wakayashika.

Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili. Kitu hiki kingefanyika kama nisingekuja? Na wenyeji wakisema "leo hapana", itakuwa hapana kweli?

Chukua swali la kwanza uende nalo Ladakh, India, iliyofunguliwa kwa watalii mwaka 1974. Huko monasteri huwa na sikukuu za cham, ambapo watawa hucheza wamevaa vinyago vya miungu walinzi. Cham ni ibada, mtawa huiandaa kwa tafakuri ya siku nyingi. Sikukuu nyingi zilikuwa za majira ya baridi, na kwa sababu nzuri: shamba limelala chini ya theluji, mkulima ana nafasi ya kutembea siku nzima kuja kuitazama na kupata baraka. Lakini watalii huja kiangazi. Baadhi ya monasteri zikahamisha tarehe. Sasa hatua ni zilezile, vinyago ni vilevile, watawa ni walewale, ila mkulima yuko shambani na mundu, na nafasi yake kwenye ua wa monasteri imekaliwa na mwenye kamera. Ukitazama picha tu, huwezi kujua kwamba kuna kilichobadilika. Siwalaumu watawa, maana paa la monasteri linahitaji fedha. Lakini hapo ndipo mimi naona hasara ya kweli, kubwa kuliko spika zote za uwanja wa Dukezong.

Swali la pili lina mfano saa chache tu kutoka ulikokuwa. Mlima Kawagarbo, mita 6,740, uko Diqing, mkoa uleule wenye mji wa Shangri-La. Kwa Watibeti ni mungu mlinzi, na mahujaji huuzunguka kwa miguu. Hakuna aliyewahi kufika kileleni. Wapandaji wa Japani na China walijaribu, wanakijiji wakipinga, na Januari 1991 maporomoko ya theluji yakawaua 17 kambini usiku. Majaribio hayakukoma, wanakijiji nao hawakunyamaza, na mwaka 2001 upandaji ukapigwa marufuku. Leo watalii wanakuja kwa maelfu kuutazama jua likichomoza, wanalala kwenye nyumba za wageni za vijijini, wanapanda baghala wa wenyeji. Kileleni haendi mtu. Mlango mmoja umefungwa, na ule uliobaki wazi unawalisha.

Mahali pengi pa Tibet mlango haufungwi na wenyeji, na hilo sitakuficha. Lhasa ilifikiwa na reli mwaka 2006. Mwaka 2019 serikali ilihesabu safari zaidi ya milioni 40 za watalii kwenye Mkoa Unaojitawala wa Tibet, ambao wakazi wake ni kama milioni 3.6. Mgeni kutoka nje kama wewe haingii bila kibali maalumu na mwongozaji. Nguo, dansi na supu vinatangazwa hadi kwenye viwanja vya ndege, lakini picha ya Dalai Lama, kiongozi wao wa dini aliye uhamishoni, ni kosa kuiweka ukutani, na shuleni Kichina kinazidi kuchukua nafasi ya Kitibeti. Tashi Wangchuk, mfanyabiashara wa Yushu aliyesema hadharani mbele ya waandishi wa habari kwamba watoto wafundishwe kwa lugha yao, alikamatwa Januari 2016 na akatoka Januari 2021. Miaka mitano. Mtu akiniuliza utamaduni wa Kitibeti unapotelea wapi, namwonyesha darasa la watoto kabla ya ukumbi wa watalii. Wewe uko China kwa viza ya masomo, basi nakuomba kama mzazi: usiwaulize wenyeji habari hizi. Wewe utarudi Kunming, atakayeitwa kuhojiwa ni yeye.

Nimalizie na thangka yako. Kwa yuan 480, kwenye duka la mji wa watalii, nina hakika karibu yote kwamba ni chapa ya mashine, labda imepitishwa brashi ya dhahabu juu juu. Chukua kioo cha kukuzia, tazama shavu la Buddha. Ukiona vitone vidogo vya rangi vilivyopangana, mashine hiyo. Kisha igeuze. Nyuma ya kichwa, koo na moyo, thangka iliyokusudiwa ibada huandikwa herufi tatu, Om, Ah, Hum.

Niliwahi kukaa siku mbili kwa mchoraji wa Rebkong, Qinghai, ambako sanaa hii iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Turubai lake la pamba lilikuwa limepakwa gundi na chaki, likasuguliwa kwa jiwe mpaka likawa laini kama ganda la yai. Mistari ya vipimo ilikuwa imeshachorwa, maana mwili wa Buddha una vipimo vyake, mchoraji havibuni. Bluu na kijani zilikuwa mawe yaliyosagwa, yamekorogwa na gundi ya ngozi. Alikuwa akiilamba ncha ya brashi ili ichongoke, mstari mmoja, analamba tena. Dhahabu aliing'arisha kwa jiwe la akiki. Macho alikuwa hajayachora, hayo huja mwisho. Mezani kwake zilikuwepo mbili zinazofanana. Moja ni oda ya tajiri wa Guangzhou atakayeitundika sebuleni, nyingine ni ya hekalu la kijijini. Nikamwuliza tofauti. Akasema kwenye rangi hakuna. Ile ya hekalu lama ataisomea, na kuanzia siku hiyo itakuwa si mali ya kuuzwa.

Kwa hiyo mwenye duka anapokuambia "imebarikiwa" huku anapiga hesabu kwenye kikokotoo, jibu tayari unalo. Picha yako usiitupe. Itundike juu ya usawa wa kichwa, isiwe karibu na choo wala pale unapovulia viatu, ili siku akija mwenzako wa darasani aliye Mtibeti asiinamishe macho. Na ukirudi Gyalthang, chumba utafute kwa familia yenyewe bila kupitia kampuni. Asubuhi amka kabla ya jua, uende nyuma ya Songzanlin kwenye njia ya wanaozunguka, ukiiacha monasteri mkono wa kulia. Jioni nenda uwanjani, simu iwe mfukoni, usimame nyuma ya yule bibi wa raba uone miguu yake inavyokwenda.